Ng'ombe wa Mahari Walivyonenepa Kwenye Picha

Nyie wasomaji wangu mna roho ngumu. Pamba imechumwa, imepimwa, imeuzwa, watu wamenunua mabati na wengine wameongeza mke, na muda wote huo hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba Bibi Eufrasia bado yupo hapa Bariadi na bado anapumua. Mkiwa na shida njia mnaijua. Shida ikiisha, kimya, hata kupita kuniambia ndoa imetulia hamwezi. Mjukuu wangu Nancy, anayenisomea barua zenu na kuandika ninayoyasema, amekuwa akija hapa tunakaa tunatazamana kama watu walioko kwenye msiba wa mtu wasiyemfahamu. Wiki hii ndiyo kaleta barua moja. Ndefu, haina nukta, ameisoma mpaka akaomba maji ya kunywa. Mwanzoni nilicheka. Nilipofika katikati nikaacha kucheka. Isomeni na nyie.

*

Bibi Eufrasia, mwangaluka mayu, mimi nimekwama mahali pabaya na sina mtu wa kumwambia ndiyo maana nakuomba wewe unishike mkono, mimi ni binti wa huku Nkololo na kazi yangu ni kupiga picha, napiga harusi, kipaimara, mahafali, ngoma za msimu wa mavuno, na kamera yangu ni ya zile wanazoziita kropu, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea picha ni kidogo kuliko cha zile kamera kubwa za wapigapicha wa mjini, lakini mimi inanitosha na sina ugomvi nayo, ugomvi wangu ni lenzi, kwa sababu mpaka leo natumia ile ile iliyokuja na kamera kwenye boksi, ya kumi na nane mpaka hamsini na tano, ambayo ukiingia nayo kanisani picha zinatoka giza, na Padre hataki flashi wakati wa misa, basi bibi harusi akiinua mkono avishwe pete mkono unatoka kama moshi, na watu wanauliza hivi huyu kapiga picha au kapiga chafya.

Sasa kuna kijana hapo Bariadi anauza vitu vya kamera vilivyotumika na ameniwekea lenzi tatu nichague, zote za kuvuta, ya kwanza inatoka kumi na nane mpaka mia mbili, anasema hiyo moja inamaliza kazi zote, hata mtu akiwa ng'ambo ya mto unamvuta mpaka unamwona meno, ya pili ni ya kumi na saba mpaka hamsini na tano, haivuti mbali kuliko niliyonayo lakini tundu lake la kuingizia mwanga ni kubwa na halipungui hata ukivuta mpaka mwisho, na imetengenezwa kwa ajili ya kamera za kropu kama yangu, ya tatu ni ya ishirini na nne mpaka sabini, hiyo ni ya kamera kubwa ila yangu inaikubali, nzito kama jembe, ina pete nyekundu mbele, na nikiishika watu wananiangalia tofauti, na yule kijana ananiambia dada chukua hiyo, lenzi ya kiwango hicho haidanganyi, na neno hilo la haidanganyi ndilo limenikosesha usingizi Bibi, nitakueleza kwa nini.

Kaka yangu anaoa huko Mwandoya, na mzee mmoja wa upande wa bibi harusi, mjomba wake, ndiye mwenye sauti kwenye mambo ya mahari, alitakiwa aje zizini kwetu kuwaona ng'ombe na kuwachagua kama ilivyo kawaida, lakini alikuwa ameteguka mguu akasema msinisumbue, si mna mpigapicha nyumbani, nitumieni kwa wasapu nitachagulia hapa kitandani, na kaka akaniambia, Dada, hao ng'ombe wapige vizuri, watoke wana mwili, nami sikuwa na nia mbaya Bibi, zizi letu ni finyu na nyuma yangu kulikuwa na miiba ya ua, kwa hiyo sikuwa na pa kurudi, nikachuchumaa chini kabisa, nikasogea karibu na kila ng'ombe mpaka pumzi zake zikawa zinatia ukungu kwenye kioo, nikaachia lenzi ipanuke ilivyoweza, na kila ng'ombe akatoka na kifua kama cha fahali na pembe zimegusa mbingu, mwenyewe nilifurahi, nikasema hizi ndizo picha zangu nzuri za mwaka, kaka akazituma, mzee akapiga simu anacheka, akawataja mmoja mmoja kwa rangi zao, wakakubaliana.

Ng'ombe wakapelekwa kwa miguu na Bujiku, ambaye amechunga ng'ombe wetu tangu marehemu baba akiwa kijana, na mimi mwenyewe utotoni nimebebwa mgongoni mwake, wakalala njiani kwa shemeji yake, kesho yake wakafika, yule mzee akatoka nje na gongo lake na simu mkononi, akamwangalia ng'ombe, akaangalia simu, akamwangalia ng'ombe, akasema, huyu mwenye paji jeupe kwenye picha ananitazama kwa juu kama mkuu wa wilaya, huyu mliyeniletea nikimpanda miguu yangu inaburuza chini, ni nani kawabadilisha, wakamwambia rangi si ni zile zile mzee, akasema rangi hata mnadani unapata zinazofanana, na watu wote wakamgeukia Bujiku, kwa sababu ndiye aliyelala nao njiani, na tangu hapo ndoa imesimama, ng'ombe wamefungiwa kwenye zizi la peke yao huko Mwandoya wala si wao wala si wetu, kaka amemfukuza Bujiku kazi, na sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, wamemwita kwenye kikao Jumamosi, na unajua huku wakiamua mtu atengwe hakuna wa kumpa hata moto wa kuwashia jiko.

Mimi najua ng'ombe ni wale wale, niliposikia tu habari nilifungua picha nikaona, na kuna siku Bujiku alikuja nyumbani akasimama nje ya ua, akaniambia, Mayu, wewe ndiye uliyewapiga picha, waambie ni hao hao, nikamwambia nitaangalia, akasema wabeja, akaondoka, na mimi bado sijasema kitu kwa mtu yeyote, kwa sababu nikisema, kaka atakosa mke, na wateja wangu wote watasema picha zangu ni za uongo, sasa nimefikiri hivi, nina mtamba wangu mmoja, nimuuze haraka ninunue ile lenzi isiyodanganya, niende Mwandoya kimya kimya niwapige ng'ombe upya, kaka amtumie mzee hizo mpya aone tofauti ilikuwa ni lenzi mbovu, mambo yaishe bila mtu kulaumiwa, naomba uniambie Bibi, kati ya hizo tatu ipi ndiyo yenye kusema ukweli, na tafadhali jina langu usilitaje.

Mimi mwenye kamera,
Nkololo.

*

Binti mwenye kamera,

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Sasa niambie, Nkololo kuna mabinti wangapi wenye kamera na kaka anayeoa Mwandoya? Nancy amekupigia simu akakusomea maneno yangu haya yote kabla gazeti halijachapwa, kwa hiyo usije ukasema nimekuvizia. La Bujiku sikulificha. Lake limeshatajwa kwenye kila kilabu cha pombe kutoka huko mpaka Meatu, acha safari hii litajwe kwa haki.

Kwanza lenzi, maana hilo ndilo uliloliuliza, na mtu akiniuliza namjibu.

Mimi lenzi sizijui. Najua pamba, najua wanaume, najua ng'ombe kidogo. Nikamwita Athanasi, mpigapicha wa hapa mjini aliyewapiga wajukuu zangu harusi zao, nikamwambia njoo na lenzi kama ya huyu binti, ile ya kwenye boksi, unieleze mambo haya kama unamweleza mtu mwenye akili. Akaja. Nikamwambia nionyeshe ng'ombe anavyonenepa. Akasema, "Bibi, ng'ombe hatuna hapa, nikupige wewe?" Nikasema piga.

Akachuchumaa mbele yangu, karibu kabisa, mpaka nikajua asubuhi alikula dagaa. Akapiga. Akanionyesha. Mwanangu! Pua ilikuwa kubwa kama kibuyu cha maziwa, masikio yamekimbilia nyuma kama ya sungura aliyesikia mbwa. Nancy alicheka mpaka akatoka nje. Nikamwambia Athanasi, rudi nyuma kabla sijakurudisha mimi. Akarudi mpaka kwenye ua, akaivuta lenzi mpaka mwisho wake, akapiga tena. Nikatoka mimi mwenyewe, na makunyanzi yangu yote niliyoyatolea jasho.

Nikadhani nimeelewa. Nikasema, kumbe dawa ni kuvuta. Akasema, "Hapana Bibi, ngoja." Akabaki pale pale uani, akaiachia lenzi ipanuke tena kama ulivyofanya wewe, akapiga. Nilitokea kadogo katikati, nimezungukwa na kuku. Akakikuza kile kipande changu kwenye kamera, pua ikawa ya kawaida, sawa na ya picha ya pili. Umesikia? Lenzi ile ile, mwanamke yule yule, pua imetulia kwa sababu Athanasi alikuwa mbali. Basi siyo lenzi iliyomnenepesha ng'ombe wenu. Ni wewe ulivyomsogelea, ukachuchumaa kifuani kwake, kichwa kikawa karibu na kioo na makalio yakawa huko nyuma. Ungekuwa na ile lenzi yenye pete nyekundu, ukachuchumaa pale pale, angetoka na kichwa kile kile kama cha fahali, ila vinyweleo vya puani vinaonekana vizuri zaidi.

Kwa hiyo yule muuzaji anayekuambia lenzi haidanganyi, mwambie Bibi Eufrasia amesema auze lenzi, maungamo amwachie Padre.

Sasa usidhani nasema usinunue. Nunua. Kanisani picha zako ni giza, hilo umelisema mwenyewe na nakuamini, na bibi harusi hawezi kurudia kuvishwa pete kwa sababu mkono ulitoka kama moshi. Nikamwuliza Athanasi zile tatu, moja moja.

Ile ndefu ya mpaka mia mbili inakutamanisha kwa sababu ya meno ya ng'ambo ya mto. Wewe ni nani akutume ukapige meno ya ng'ambo ya mto? Athanasi anasema lenzi ya namna hiyo kila unavyoivuta ndivyo tundu lake linavyofinya, na kanisani ndiko unakohitaji mwanga, kwa hiyo utabaki pale pale ulipo, umepungukiwa na mtamba tu. Halafu inarefuka ikivutwa, inatoka na kurudi kama shingo ya kobe, na ikirudi inavuta hewa na kila kilichomo kwenye hewa. Sasa wewe unapiga ngoma za mavuno, wanaume wanaruka na majembe, vumbi limesimama mpaka jua halionekani. Misimu miwili mitatu ndani ya kioo kutakuwa na shamba. Alikuwa nayo yeye. Ameniambia aliipenda sana safarini na aliijutia sana kanisani.

Ile ya pete nyekundu ni nzuri, hakuisema vibaya hata kidogo, aliitaja kwa sauti ya mtu anayemtaja mke wa jirani. Lakini imekatwa kwa ajili ya kamera kubwa. Kwenye yako, kwa kuwa kile kipande cha ndani ni kidogo, inaona katikati tu, pembeni panapotea. Ukiingia nayo kwenye nyumba ya matope wakati bibi harusi anapakwa mafuta, mgongo wako uko ukutani, mbele yako mashangazi wamejaa, unapata nusu ya shangazi na sikio la bibi harusi. Na ule uzito utaubeba tangu misa ya asubuhi mpaka keki, shingo ni yako. Kama ungesema mwakani unanunua kamera kubwa, ningesema chukua, uingoje. Hukusema. Ulisema watu wanakuangalia tofauti ukiishika. Hilo nalo ni kweli, na ndiyo sababu mbaya kuliko zote za kununua kitu.

Chukua ile ya katikati. Kumi na saba mpaka hamsini na tano, tundu pana, halipungui. Utasema, Bibi, haivuti mbali kuliko niliyonayo. Haivuti, ndiyo. Itaona gizani. Harusi ziko karibu, siyo ng'ambo ya mto, na ngoma ikiwa mbali una miguu, tembea. Siku ukipata tena, utaongeza ndefu moja ya kazi za mbali, kila moja na kazi yake. Athanasi ameongeza kwamba nyingine zina kitu ndani cha kutuliza mkono unaotetemeka. Ikiwa nacho, vizuri. Lakini kinatuliza mkono wako, hakimtulizi bwana harusi anayecheza, kwa hiyo usikilipie kama vile kinafanya miujiza.

Na kwa kuwa ni ya kutumika, usinunue kama unanunua nyanya za mwisho wa gulio. Nenda na kamera yako mwenyewe, ile ile. Ifunge lenzi hapo hapo, uone inakaa bila kucheza. Igeuze lenzi itazame chini, uone kama inashuka yenyewe kama soksi iliyolegea, ikishuka, mwachie. Zungusha ile pete ya kuvutia taratibu, usikie kama kuna mchanga. Omba tochi, angalia ndani ya kioo, ukiona kitu kama utando wa buibui hao ni fangasi, simama uage. Halafu muulize yule kijana kama ana ukurasa wa gazeti, aubandike ukutani, wewe upige tundu likiwa wazi kabisa, mara moja lenzi ikiwa imepanuka na mara moja ikiwa imevutwa mpaka mwisho, ukuze picha usome herufi za katikati na za pembeni. Za katikati zikisomeka na za pembeni zikiwa na ukungu kidogo, vumilia. Upande mmoja ukisomeka na mwingine ukiwa uji, hiyo ilishaanguka, hata akiapa. Mwisho, toka kwenye jua, ingia kwenye chumba chake cha nyuma chenye giza, ulenge kitu chochote, uone kama inakamata upesi au inatafutatafuta kama mlevi anayetafuta ufunguo. Akikukataza kufanya haya yote, umeshapata jibu bila kulipa.

Hayo ndiyo ya lenzi. Nimekujibu. Nimekupa na ya zaidi.

Sasa ngoja nikuambie nilipoacha kucheka.

Barua yako, binti, imezungumza lenzi mpaka Nancy akakauka koo. Bujiku umempa nafasi ndogo kuliko ile pete nyekundu. Mzee aliyekubeba mgongoni anakuja anasimama nje ya ua, hata ndani haingii, anakuita wewe Mayu, mama, wewe mtoto, anakuomba kitu kimoja tu ambacho unacho mdomoni, na wewe unamwambia "nitaangalia." Utaangalia nini? Ulishaangalia! Umeandika kwa mkono wako kwamba ulifungua picha ukaona. Na yeye akakushukuru! Nilimwambia Nancy arudie hapo, nikidhani amesoma vibaya.

Siyo kwamba wewe ni mbaya. Mtu mbaya hawezi kuandika barua ndefu hivyo. Wewe unaogopa, na unaogopa vitu viwili ambavyo nitakuvunjia sasa hivi.

Unaogopa kaka atakosa mke. Mwanangu, ng'ombe wakiwa wadogo, mzee ataomba aongezewe, ninyi mtalia, yeye atalia, mtakutana katikati, hayo ndiyo mazungumzo ya mahari tangu dunia iumbwe, na hakuna aliyekufa. Kinachoua ndoa ni ukoo wa mke kuamini kwamba ukoo wa mume ni wezi. Na kwa sasa ndivyo wanavyoamini. Ukikaa kimya unawathibitishia. Kaka yako naye, aliyesema "watoke wana mwili," mwambie nimemsikia. Alitaka ng'ombe wanenepe bila majani. Atamrudisha mzee wa watu kazini na atamwomba msamaha akiwa amekaa chini, siyo amesimama na mikono mfukoni.

Unaogopa wateja. Watasema picha zako ni za uongo? Kila bwana harusi uliyempiga ukiwa umechuchumaa ili aonekane mrefu alikuwa anajua urefu wake, na alikulipa akashukuru. Hawataacha kuja. Wewe tu utajifunza kwamba picha ya harusi ni pambo, na picha ya ng'ombe wa mahari ni ushahidi. Pambo unaweza kulisogelea. Ushahidi unasimama mbali, unampiga ng'ombe ubavu mzima kutoka kichwa mpaka mkia, akiwa na mtu mzima pembeni yake ili anayetazama ajue kimo. Zizi likiwa finyu, toeni ng'ombe nje. Jambo dogo hivyo.

Na ule mpango wako wa kwenda Mwandoya kimya kimya na lenzi mpya, "mambo yaishe bila mtu kulaumiwa," nimeukataa. Kuna mtu anayelaumiwa tayari. Ukituma picha mpya kimyakimya, yule mzee atasema, haya, hawa ndio ng'ombe walivyo, wadogo, nilisema walibadilishwa. Umemkazia Bujiku kamba ya pili, kwa lenzi ya bei mbaya.

Kwa hiyo mtamba wako asitoke zizini wiki hii. Lenzi itangoja, na yule kijana hana mnunuzi mwingine, anakutisha tu. Chukua kamera yako na ile ile lenzi ya kwenye boksi, ndiyo shahidi wako. Leo, gazeti hili hata halijafika huko, nenda kwa Bujiku. Usisubiri aje tena nje ya ua. Mwambie ulichojua na ulikijua lini. Akinyamaza, nyamaza. Akikufokea, na afoke, ana haki. Kutoka hapo nenda na kaka yako kwa kamanda wa sungusungu kabla ya hiyo Jumamosi, umwambie maneno yale yale, asije akayasikia kikaoni kama habari ya kushtukiza. Mwombe atume mtu wake mmoja mwende naye Mwandoya.

Mkifika kwa mzee, usianze na ng'ombe. Anza na mzee. Msogelee na kamera kama ulivyomsogelea yule wa paji jeupe, umwombe radhi kwanza, umpige, umwonyeshe pua yake. Akimaliza kutukana, rudi nyuma umpige tena. Ukishamwonyesha hizo mbili atakuwa ameelewa kuliko mkimhubiria kutwa nzima. Ndipo uende zizini, umchukue yule wa paji jeupe, uchuchumae pale pale kifuani kwake, umpige mbele ya wote, na uiweke picha ile ya kwenye simu pembeni. Pembe zikilingana, alama ya sikioni ikilingana, na yule ng'ombe mdogo akasimama tena kama mkuu wa wilaya, nani atabaki na neno? Kisha sema mwenyewe kwa mdomo wako, siyo kaka yako akusemee: "Ng'ombe ni wale wale. Mimi ndiye niliyewapiga hivyo. Bujiku hakumgusa hata mmoja." Maneno hayo matatu tu. Usitie na lenzi, usitie na miiba ya ua.

Itakuuma kama jino linalong'olewa, halafu utalala.

Baada ya hapo nunua lenzi yako kwa amani, na harusi ya kaka yako uipige wewe, mkono wa bibi harusi utoke mkono. Na msipotee tena kama mlivyopotea msimu huu. Nataka nikuone hapa, barua zimetosha. Ila usije peke yako. Njoo na Bujiku, atangulie yeye kupita mlangoni, mumkalishe kwenye kiti chenye mgongo. Mimi nitakuwa nimeshaivisha chakula. Maji ya kunawa ummiminie wewe.